Kukata bima ya safari ya mwaka mzima kwa familia yenye kijana aliyeshavuka 18: mwongozo kamili kwa wasafiri wa Nyanda za Juu Kusini

Ukiingia kwa wakala wa bima hapa Mbeya ukasema unataka bima ya safari ya familia, swali la kwanza utakaloulizwa ni mpo wangapi. Swali hilo linakuja mapema mno. La kutangulia ni nani kati yenu anasafiri, anakwenda wapi, anakaa siku ngapi, na yule mkubwa wenu mkataba unamhesabu kama mtoto au kama mtu baki. Mzazi analipia kifurushi cha familia akijua wote wamo, kumbe mmoja hayumo tangu siku ya kwanza, na hakuna anayelijua hilo mpaka siku kijana amelazwa ugenini.

Ili tusiongee hewani, tuchukue familia ya mfano ya Uyole. Baba ni mwalimu na ana parachichi zake Rungwe. Mama anauza nguo Mwanjelwa, mzigo anaufuata Lusaka, na akijaliwa anafika Dubai au Guangzhou. Binti ana miaka 22, yuko chuo. Mdogo wake ana 14. Bibi yupo Tukuyu na hasafiri, kwa hiyo tumuache apumzike.

Hatua ya 1: Orodhesha safari kabla ya kuorodhesha watu

Kaeni mezani jioni moja na daftari. Kila mtu ataje safari za nje ya nchi anazozitegemea ndani ya miezi 12 ijayo: mwezi gani, nchi gani, siku ngapi, kwa basi, treni au ndege, na nani anailipia. Safari ya kikazi ambayo mwajiri tayari ameikatia bima iwekeeni alama pembeni, haina haja ya kulipiwa mara mbili.

Mkimaliza mtagundua kwamba safari ambazo familia nzima inavuka mpaka kwa pamoja ni chache mno. Harusi Lusaka, msiba Karonga, labda likizo moja. Nyingine zote ni za mtu mmoja mmoja: mama anapita Tunduma kila akiishiwa mzigo, baba anakwenda semina Lilongwe, binti anaalikwa kwenye mkutano wa wanafunzi. Kifurushi cha familia kimetengenezwa kwa watu wanaosafiri kwa pamoja. Familia nyingi za huku haziko hivyo, na bei yake ya kuvutia isikufanye usahau hilo.

Hapohapo ondoeni kwenye hesabu vitu ambavyo watu huvidhania kuwa ni bima ya safari. Kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, inatumika kwenye vituo vilivyosajiliwa hapa nchini. Ukilazwa Ndola haikufikishi popote. Kadi ya njano ya COMESA unayoikatia gari kabla ya kuingia Nakonde inahusu gari na ajali za barabarani. Homa, begi lililopotea na tiketi iliyoharibika haivijui. Na ile kadi nyingine ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, ni cheti cha afya tu, ingawa pale mpakani nayo utaulizwa.

Hatua ya 2: Tafuta mkataba unasema mtoto ni nani

Omba kitabu cha masharti, usikubali kipeperushi. Mwanzoni kabisa kuna ukurasa wa tafsiri za maneno, ule ambao wengi huuruka. Tafuta palipoandikwa familia na mtoto. Utakuta maneno ya namna hii: mwenye bima, mwenzi wake wa ndoa, na watoto wao wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 18, au chini ya 23 iwapo wanasoma muda wote na wanaishi na wazazi. Umri wa juu hutofautiana, kampuni nyingine huishia 18, nyingine 21, nyingine 25. Lakini angalia jinsi sentensi hiyo ilivyobeba masharti mengi, na kijana wako anatakiwa ayatimize yote, si mojawapo.

Anza na umri. Uliza unahesabiwa siku gani: siku bima inapoanza, au siku safari inapoanza? Mikataba mingi huangalia siku bima inapoanza, hivyo binti akitimiza 23 katikati ya mwaka anabaki ndani hadi mwisho. Ila kuna inayomtoa siku hiyohiyo ya kuzaliwa. Jibu liwe la maandishi, hata ujumbe wa barua pepe wa mistari miwili unatosha.

Kusoma muda wote kunathibitishwa na barua ya chuo. Aliyehitimu mwezi wa saba na yuko nyumbani anasubiri ajira si mwanafunzi tena, hata kama bado unamlisha na kumvisha. Kusubiri ajira hakumo kwenye mkataba wowote niliowahi kuusoma.

Kuishi na wazazi ndiko kunakozua ubishi zaidi huku kwetu. Binti anasoma Mkwawa, Iringa, amepanga chumba na mwenzake. Wazazi wako Uyole. Anaishi na wazazi au haishi? Kampuni moja itasema makazi yake ya kudumu ni kwa wazazi, yumo. Nyingine itasema ana anwani yake, hayumo. Usijijibu mwenyewe.

Na kama kijana ameoa, ameolewa au tayari ana mtoto, mjukuu wako naye si mtoto wako kwenye mkataba. Mzazi wake atamkatia kwenye bima yake.

Kuna jambo jingine ambalo mikataba iliyoandikwa kwa kufuata desturi za kwingine hailigusi. Nyumba nyingi za Mbeya, Njombe na Iringa zina mtoto wa kaka au wa marehemu dada aliyelelewa hapo tangu hajaanza shule, anaita mama, anaita baba, na ada yake inatoka mfuko uleule. Kwenye fomu ya bima huyo hahesabiwi isipokuwa aliasiliwa kisheria au kampuni imekubali kwa maandishi. Usimwandike kama mtoto wa kumzaa ukidhani unarahisisha kazi. Likitokea la kutokea, cheti cha kuzaliwa kitaombwa, na uongo mdogo wa kwenye fomu utaangusha dai kubwa. Mkatie bima yake binafsi, au omba atajwe kwa jina na uhusiano wake halisi.

Familia yenye kijana mwenye ulemavu anayetegemea wazazi kabisa iulize swali tofauti: je, kikomo cha umri kinaondolewa kukiwa na uthibitisho wa daktari? Baadhi ya mikataba hukubali. Wakala hatalitaja bila kuulizwa.

Mwisho kwenye hatua hii, soma kama mtoto anakingwa akiwa anasafiri peke yake. Masharti ya vifurushi vingi yanasema watoto wanakingwa wakiongozana na mtu mzima aliyetajwa kwenye bima. Kwa mdogo wa miaka 14 hilo halina neno. Kwa binti wa 22 anayepanda basi la Lusaka mwenyewe, hiyo ni sawa na kutokuwa na bima.

Maoni yangu kwa familia ya mfano: wazazi na mdogo wachukue kifurushi cha pamoja iwapo hesabu za hatua ya 4 na ya 6 zitakubali, na binti akatiwe yake kwa jina lake. Umri ndio unaopandisha bei ya bima ya safari, kwa hiyo ya kijana mwenye afya njema huwa nafuu, na tofauti hiyo inanunua uhakika.

Hatua ya 3: Angalia kama kijana anasafiri au anahamia

Bima ya mwaka ni ya mtu anayetoka na kurudi. Ndani yake kuna kikomo cha siku kwa kila safari, mara nyingi 30, 45, 60 au 90, na sharti kwamba safari ianze na kuishia Tanzania. Kijana anayekwenda kusoma muhula mzima Lusaka, India au China hayumo, hata kama bima imeandikwa ya mwaka. Kikomo kikiwa siku 90, siku ya 91 yuko wazi kama asiye na bima kabisa, na kurudi likizo nyumbani kwa wiki mbili hakurekebishi kila kitu, kwa sababu wengine huuliza makazi yake yako wapi kwa sasa.

Anayehamia kwa masomo ana njia zake. China hudai mwanafunzi wa kigeni awe na bima ya huko, na kwa kawaida ada yake ni yuan 800 kwa mwaka. Uingereza, kwa viza ya masomo inayozidi miezi 6, mwanafunzi hulipa ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka wakati wa kuomba viza, na hapo anapata huduma za mfumo wa afya wa taifa hilo. Malipo hayo hayamrudishi mtu nyumbani akiugua sana, wala hayalipi begi. Kwa hiyo kinachobaki cha kumnunulia ni bima ya safari moja, ya kwenda, na labda kinga ndogo ya kurejeshwa nyumbani.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya mwaka dhidi ya safari moja moja

Hapa hapahitaji maneno mengi. Omba bei mbili kwa kampuni ileile na eneo lilelile: bima ya safari moja ya siku unazokaa kwa kawaida, na bima ya mwaka. Gawa ya pili kwa ya kwanza. Kwa namba za mfano tu, kama safari moja ni 60,000 na ya mwaka ni 210,000, basi ya mwaka inaanza kukulipa kwenye safari ya nne.

Mama wa Mwanjelwa atafika huko mapema sana. Baba mwenye semina moja Lilongwe hatafika. Msikate ya mwaka kwa wote kwa sababu ya mama peke yake. Uliza pia kama bei uliyopewa imeshajumuisha VAT, ili namba mbili unazolinganisha ziwe za aina moja.

Hatua ya 5: Uliza safari inaanzia wapi

Swali hili watu wa Dar es Salaam hawahangaiki nalo, na ndiyo maana mawakala hawalizoei. Sisi tunalihitaji. Kutoka Mbeya hadi uwanja wa ndege wa Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Mkataba ukisema kinga inaanza unapogongewa muhuri wa kutoka nchini, basi Mlima Nyoka na kona za Kitonga zote umezipita bila bima ya safari. Ukisema inaanza unapotoka nyumbani kwako kuelekea safarini, umo tangu Uyole.

Tofauti hiyo inaonekana pia kwenye kuchelewa. Lori likilala Kitonga, magari yanasimama pande zote mbili kwa saa nyingi, na ndege ya Dubai haikusubiri. Songwe nako ukungu ukifunga, ndege ya asubuhi inaweza isitue. Kama tiketi ya Songwe hadi Dar umeinunua peke yake na ya Dar hadi Dubai peke yake, shirika la pili halina wajibu wowote kwako: kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Kwa hiyo soma kipengele cha kukosa ndege ya kuunganisha. Angalia kinahusu usafiri wa ndani au wa kimataifa tu, kinataka uwe umeacha saa ngapi katikati, na kama basi linahesabiwa kuwa usafiri wa umma. Wanaolala Dar usiku mmoja kabla ya ndege hawafanyi hivyo kwa uoga. Wanajua barabara yao.

Hatua ya 6: Chagua eneo kwa safari halisi, si kwa ndoto

Bei hupangwa kwa maeneo: Afrika, dunia nzima bila Marekani na Kanada, dunia nzima pamoja nazo, na mara nyingine Ulaya peke yake. Marekani na Kanada hupandisha bei kwa sababu matibabu ya huko ni ghali kupindukia. Kama hakuna mwenye viza ya huko wala anayeiomba mwaka huu, usilipie. Kwa familia ya Uyole, mama anahitaji dunia bila Marekani na Kanada, baba na mdogo Afrika inawatosha. Ila kifurushi cha pamoja huwa na eneo moja tu kwa wote, kwa hiyo Guangzhou ya mama italipiwa mpaka na mtoto wa kidato cha pili. Pigeni bei ya mama peke yake, na ya baba na mdogo peke yao, kabla hamjaamua.

Anayeelekea nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ana masharti yasiyo na mjadala. Bima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, itumike kwenye nchi zote za eneo hilo, ambazo sasa ni 29, na igharamie matibabu ya dharura, kulazwa, kurejeshwa nyumbani kwa sababu za kiafya na kifo. Kila mwombaji awe na cheti chenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, hata yule aliye ndani ya kifurushi cha familia. Cheti kimoja cha baba kilichoandikwa "na familia" kitakurudisha nyumbani. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla, na utayapeleka Dar, kwa hiyo kosa la herufi kwenye cheti ni nauli nyingine ya basi. Kagua herufi kwa herufi ukiwa bado ofisini kwa wakala. Uliza pia kama ada inarudishwa viza ikinyimwa. Kampuni kadhaa hurudisha kwa bima ya safari moja ukionyesha barua ya ubalozi, lakini kwa ya mwaka ni nadra.

Anayevuka Tunduma au Kasumulu kwa hati ya dharura ya kusafiria badala ya pasipoti aseme mapema. Namba itakayoandikwa kwenye bima ilingane na hati ambayo kweli itagongwa muhuri.

Hatua ya 7: Pima kinga kubwa kabla ya ndogo

Vipeperushi hupenda kuonyesha begi na simu. Begi linauma, lakini halifilisi. Kinachofilisi familia ni hospitali, kusafirisha mgonjwa mahututi, na kurudisha mwili. Anayejua jinsi kundi la michango linavyofunguliwa usiku, na hesabu zinavyosomwa kila jioni mpaka mwili ufike, hahitaji kuelezwa kwa nini mstari wa kusafirisha mwili usomwe kwa makini. Angalia kiasi chenyewe, angalia kama kinafika mpaka nyumbani Rungwe au Makete au kinaishia uwanja wa ndege wa Dar, na kama kuna tiketi ya ndugu mmoja wa kuusindikiza.

Kusafirisha mgonjwa nako kuna maneno yake. Kampuni hulipa pale daktari wao anapokubali kwamba hospitali ya hapo haitoshi, na humpeleka hospitali ya karibu inayotosha, si lazima unayoitaka wewe. AMREF Flying Doctors wa Nairobi huuza uanachama wa kuchukuliwa kwa ndege katika ukanda huu. Ni huduma nzuri, ila inakutoa ulipo. Bili ya hospitali inabaki kwako, kwa hiyo haichukui nafasi ya bima.

Halafu kuna kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Bima rahisi mara nyingi imeficha urahisi wake hapo. Kikiwa dola 100 kwa kila dai, basi kipimo cha malaria na dawa zake Mzuzu utalipa mwenyewe wote, bima haitaguswa. Si lazima liwe baya, mradi umelijua.

Na kwa kuwa nimetaja malaria: aliyekulia Makete au Njombe, ambako malaria ni kidogo kuliko karibu kote nchini, mwili wake haujaizoea. Wiki moja ya kando ya ziwa Karonga inamtosha, na homa inaweza kuanza akiwa amesharudi nyumbani siku kadhaa. Bima ya safari kwa kawaida imeishia siku aliyorudi. Hapo ndipo NHIF inaporudi kazini, kwa hiyo usiache ikakatika kwa sababu una bima nyingine.

Hatua ya 8: Kijana ajaze fomu ya afya mwenyewe

Ofisini mambo huenda hivi. Mama ana haraka, wateja wanamsubiri dukani, na fomu ina kurasa.

"Na wewe jaza hapo, andika hapana kote tumalize."

"Mama, hapa wananiuliza mimi. Wanauliza kama nina pumu."

"Pumu iliisha ukiwa darasa la tano."

"Dawa ya kuvuta ninayo kwenye mkoba, mama."

Mzazi mara nyingi hajui afya ya kijana wake ya leo, anajua ya miaka ile. Hajui dawa za kupanga uzazi, hajui vidonge vya msongo, hajui kipimo alichopima peke yake. Bima imejengwa juu ya kusema kweli: ugonjwa uliokuwepo kabla na hukuutaja unaweza kuvunja dai lote, hata la kitu kisichohusiana nao moja kwa moja. Shinikizo la damu la baba, sukari, selimundu, virusi vya ukimwi, ujauzito, upasuaji wa karibuni, vyote vinaulizwa. Kuvitaja hakumaanishi kukataliwa. Mara nyingine bei inaongezwa kidogo, mara nyingine ugonjwa huo peke yake unaondolewa kwenye kinga na mengine yanabaki. Kwa mjamzito, uliza kinga inaishia wiki ya ngapi.

Kijana aliyefikisha miaka 18 asaini mwenyewe na ajaze bila mtu kumchungulia. Taarifa za afya yake ni zake, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kampuni ina sababu ya kukataa kumwambia mama chochote kwenye simu hata kama mama ndiye aliyelipa. Dawa yake ni ndogo: binti aandike barua fupi ya kumruhusu mzazi mmoja azungumze na kampuni na hospitali pale yeye atakaposhindwa, aisaini, nakala ikae kwa wakala na nyingine kwenye simu ya mama.

Hatua ya 9: Soma yasiyolipwa ukiwa na kijana akilini

Pombe. Pikipiki bila leseni au bila kofia ngumu. Na wengine hawalipi hata abiria, kwa hiyo bodaboda na kabaza za Malawi (baiskeli na pikipiki za abiria) ziulizie wazi. Kazi za mikono, kwa kijana anayekwenda kufanya kibarua au kujitolea ujenzini. Michezo ya hatari. Vurugu na vita. Kupanda mlima huwekewa kikomo cha urefu: Mlima Rungwe uko chini kidogo ya mita 3,000, Kilimanjaro ni 5,895, na kati yake ndipo mikataba mingi hukata. Anayefuata mzigo wa biashara ajue kwamba marobota yake si mizigo binafsi. Bima ya safari inalinda nguo zako, si nguo za dukani.

Hatua ya 10: Nunua, hakiki, na panga tarehe ya kuanza

Omba bei za maandishi kutoka sehemu tatu hivi: wakala, benki yako kama inauza bima, na dalali wa bima ambaye anaweza kukulinganishia kampuni kadhaa. Hakikisha anayekuuzia amesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ina ofisi ya kanda hapa Mbeya, na mfumo wake wa TIRA-MIS unakuwezesha kuhakiki kwa namba kama bima uliyopewa imeingizwa kweli. Pesa ilipwe kwenye akaunti au namba ya kampuni, si kwenye simu ya mtu. Kinga huanza ada ikishalipwa. Ahadi ya "nitakuingiza leo, utalipa kesho" haina thamani barabarani.

Tarehe ya kuanza ina mtego. Kinga ya kughairi safari inafanya kazi tangu bima inapoanza. Ukinunua tiketi ya Guangzhou mwezi wa tatu, bima ukaiandikisha ianze mwezi wa tano siku ya kuruka, mguu ukivunjika mwezi wa nne hulipwi tiketi. Kwa bima ya mwaka, tarehe nzuri ni ile unayolipia tiketi ya kwanza.

Hatua ya 11: Siku ya tatizo

Kila msafiri awe na namba ya msaada ya saa 24 kwenye simu na kwenye karatasi ndani ya pasipoti. Iandikwe na alama ya kujumlisha na namba ya nchi. Namba ya bure inayoanza na 0800 ni ya kupigia ukiwa nchini; ukiwa Kapiri Mposhi usiitegemee. Binti aijaribu kabla ya kuondoka, apige, asikie mtu anajibu.

Akiumia, simu ipigwe kabla ya kulazwa, au mara tu anapoweza, kwa sababu mikataba mingi inataka kampuni iidhinishe matibabu makubwa. Atunze risiti halisi, taarifa ya daktari, na muhuri wa kuingia na kutoka. Wizi uripotiwe polisi wa hukohuko na ripoti ichukuliwe. Ya kutoka kituo cha kati Mbeya baada ya kurudi haitasaidia.

Begi lisipotokea, usitoke uwanjani bila kuandikisha ripoti kwenye dawati la mizigo. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unataka malalamiko ya maandishi kwa shirika la ndege ndani ya siku 7 kwa mzigo ulioharibika, na siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwa uliochelewa. Bima yako ina muda wake tofauti, na mara nyingi itataka kwanza uone shirika limelipa kiasi gani.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na kipengele kilichotumika. Anza na malalamiko kwa kampuni yenyewe. Msipoelewana, nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kama bima ni ya binti, mlalamikaji ni binti, hata kama ada ilitoka kwenye parachichi za baba.

Mwezi mmoja kabla bima haijaisha, rudini kwenye daftari la hatua ya kwanza. Kama kuna malipo yanayokatwa yenyewe benki, yasimamisheni kwanza. Binti huenda ameshahitimu, ameajiriwa Dodoma na ana bima ya kazini. Mdogo atakuwa na 15, na mama huenda ameacha Lusaka anafuata mzigo Kampala. Omba bei upya kwa safari za mwaka huo.